Kondoo wa Viatu Virefu

Iguhu,
Jumapili jioni, mvua imeisha sasa hivi

Muhonja mwanangu,

Umeenda Lubao kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua huyo, hawezi kukuachilia kabla hujamaliza ingokho nzima, kuku wa kukuagia. Kwa hivyo nimepata nafasi ya kukaa mezani na kalamu bila wewe kuchungulia begani kwangu. Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto. Ukiikuta mapema usiisome garini. Isome ukishafika Nakuru, ukishavua viatu na kunyoosha miguu.

Sitakuambia ule vizuri, wala ujihadhari na wanaume, wala usikose misa. Hayo umeambiwa wiki nzima na kila aliyepita hapa kunywa chai. Katekista alikuambia, jirani alikuambia, hata yule fundi wa baiskeli ambaye hajawahi kuvuka Kisumu alikukalisha chini akakufundisha maisha ya mjini. Wamenimalizia maneno wote. Mimi nimebaki na jambo moja tu, na jambo lenyewe ni miguu.

Jana nilikuona. Ulidhani niko jikoni nachambua mrenda, kumbe nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango. Ulivaa vile viatu vyeusi tulivyochagua pamoja kwenye lundo la mitumba, ukaanza kutembea barazani, kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Mwanzo ulienda vizuri sana. Kichwa juu, mgongo umenyooka, nikajisemea moyoni kwamba huyu hakuokotwa, huyu ni wangu. Kisha ukageuka pale kwenye tangi na mguu wa kushoto ukakataa. Ukashika nguzo. Ukainama ukakishika kifundo, pale pale ulipovunjika Kidato cha Tatu mkicheza mpira wa mikono, ukafumba macho kwa muda. Halafu ukajifuta uso kwa kiganja, ukaendelea kutembea.

Wakati wa chakula nilikuuliza kama mguu unauma. Ukanijibu bila kuniangalia: "Nitazoea, Mama. Wasichana wote wa mapokezi wanavaa. Na tafadhali usiniambie eti niwaambie habari ya mguu. Watasema wameandika kiwete." Nikakuongezea bonge la obusuma, ugali wako. Si kwamba nilikosa la kusema. Nilikuwa na mengi mno, na baba yako alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, na wewe unajua redio ikiwa inasema katika nyumba hii hakuna mwingine anayesema.

Lakini neno lako moja halikuniacha nilale. "Nitazoea." Neno hilo nalijua vizuri. Nililisema miaka mingi kabla yako.

Leo asubuhi kabla ya misa nilichukua ile barua ya kazi ya hoteli, nikasoma tena pale wanapoandika habari ya mavazi. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe, kiatu cheusi kilichofunika vidole, kisigino kisipungue inchi mbili. Nikaenda jikoni nikaleta kiberiti. Nikakisimamisha mezani kando ya kiatu chako. Vilikuwa sawasawa, na hapo nikacheka peke yangu mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kiberiti kimerudi, naye akaelewa mara moja, akatikisa kichwa akaenda zake. Wewe huelewi kwa sababu wakati huo nilikuwa nakubeba mgongoni. Acha nikueleze.

Unajua nilifanya kazi mjini Kakamega katika ofisi ya kampuni moja ya bima. Nilikuwa mapokezi. Meza ya kwanza ukiingia, simu mbili, na kiti cha kuzunguka ambacho kilijulikana huku kijijini kuliko mimi mwenyewe. Baba yako bado alikuwa anafundisha kwa mkataba, leo ana kazi, kesho hana, kwa hivyo kile kiti kilikuwa kinazungusha nyumba yote. Tukaletewa meneja mpya, Bwana Wekesa. Kijana wa Lugari, baba yake alipata shamba wakati Wazungu walipoondoka. Yeye alikuwa amekaa Nairobi miaka, na aliporudi alirudi na mawazo. Si mawazo mabaya yote. Alituletea feni, alitupatia saa nzima ya chakula cha mchana. Na akatangaza kwamba kila mwanamke anayeonekana na wateja atavaa viatu virefu.

Alituambia hivi, nakumbuka mpaka leo: "Mteja akifungua mlango, kitu cha kwanza anachosikia ni sakafu. Nataka asikie watu wako kazini." Na ili kusiwe na ubishi, kila Jumatatu alikuwa anapita na kiberiti mfukoni. Anakisimamisha kando ya kisigino chako. Kisigino kikifika, anasema asante, anaenda kwa mwingine. Kikikosa kufika, unarudi nyumbani kubadilisha, na siku hiyo inaandikwa hukuja. Beatrisi, mpiga taipu wetu, alirudishwa mara moja akiwa na mimba kubwa.

Sasa wewe fikiria viatu vile na barabara hii yetu. Mvua ya Kakamega unaijua, haiulizi una shughuli gani. Tulikuwa tunatoka nyumbani alfajiri na gambuti za mvua, viatu virefu viko ndani ya mfuko pamoja na chakula. Tukifika mjini tulikuwa tunaingia nyuma ya kinu cha posho, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza uji. Alikuwa na pipa la maji na karai. Tunakaa kwenye gogo lake, tunaosha miguu, tunaipangusa kwa leso, tunapaka mafuta, tunavaa viatu, gambuti tunamwachia yeye chini ya benchi. Halafu tunavuka barabara kwenda ofisini kama watu walioletwa na gari. Matope ya Iguhu yalibaki kwenye karai la mama wa uji, na hakuna mteja aliyewahi kujua.

Na sitakudanganya, Muhonja. Nilivipenda. Wenzangu walinung'unika kuhusu kiberiti, nami nilinung'unika pamoja nao ili nisionekane tofauti, lakini moyoni nilikuwa nasubiri ile sakafu. Ilikuwa sakafu ya simenti iliyong'arishwa kwa nta nyekundu mpaka unajiona. Nikitembea juu yake, ko ko ko, watu walioketi kwenye benchi walikuwa wanaweka miguu yao vizuri. Mtu wa kwanza kuniita Madam katika maisha yangu aliniita nikiwa juu ya viatu vile. Mimi, niliyemaliza shule nzima miguu mitupu. Nilikuwa narudi nyumbani na vidole vinawaka moto, nakaa kitandani, baba yako ananikandakanda, na nikimwambia "nitazoea" nilikuwa namaanisha.

Siku moja Kuka, babu yako, alikuja mjini kununua mbegu. Alikuwa amesikia habari za kile kiti, akaamua aje akione. Hakuniambia. Niliinua tu macho nikamwona amesimama mlangoni na koti lake la kijivu, kofia kichwani, mfuko wa mbegu begani, anaangalia juu kwenye feni.

Wewe umekua nyumbani kwetu, unajua mimi na Kuka tunavyokaa. Mpaka leo hatujawahi kupeana mkono. Siketi kiti kinachogusana na chake. Nikipeleka chakula naweka mezani naondoka, sipitishi mkono mbele ya uso wake. Hiyo ndiyo heshima ya mkaza mwana na baba mkwe, na yeye ni mtu wa kuishika kabisa. Sasa huyo ndiye alikuwa amesimama ofisini kwangu, na mimi niko juu ya kiti cha kuzunguka. Niliruka. Nilitoka nyuma ya meza haraka ili nimwinamie nimsalimie inavyotakiwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nta ya Ijumaa bado ni mbichi. Kisigino kilitoka upande wake na mimi nikatoka upande wangu.

Nilianguka vibaya, mwanangu. Si kuanguka kwa kupiga magoti. Nilianguka chali, miguu juu, sketi ikaenda ilikoenda, petikoti yote nje. Mbele ya baba wa mume wangu. Kiatu kimoja kiliteleza mpaka chini ya benchi la wateja. Beatrisi aliacha kupiga taipu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilisikia ile feni.

Ukiniuliza, siku hiyo ningependa sakafu ipasuke. Kwa wengine kuanguka ni kuanguka. Kwetu, mkaza mwana akianguka hivyo mbele ya baba mkwe, heshima kati yao imemwagika, na lazima kondoo aletwe ili watu waweze kuangaliana tena na kula pamoja. Kuka alikuwa tayari amegeuka akatazama ukuta, kofia ameiweka usoni. Asingeweza kunisaidia kuinuka hata kama ningekuwa nimevunjika, kwa sababu hawezi kunigusa. Mimi nikaanza kuhangaika kuinuka, nashika mguu wa meza, na Beatrisi ananikimbilia.

Ndipo Kuka akasema, bila kugeuka, kwa Kiluhya, polepole: "Usiinuke."

Nilidhani sikusikia vizuri. Beatrisi naye alisimama.

"Jifunike vizuri, mama, halafu ukae hapo hapo," akasema. "Mwacheni. Aliyemwangusha aje amwone."

Nikavuta sketi, nikakunja miguu upande mmoja vile mwanamke anavyokaa kwenye mkeka, nikabaki katikati ya ile sakafu nyekundu, kiatu kimoja mguuni. Wateja walioingia walinizunguka kama wanazunguka shimo. Mmoja aliniamkia kabisa. Kuka bado anaangalia ukuta. Tukakaa hivyo mpaka Bwana Wekesa akatoka ofisini kwake.

"Felista, kuna nini? Inuka."

Kabla sijajibu, ule ukuta ukauliza: "Wewe ndiye mwenye nyumba hii?"

"Mimi ndiye meneja, mzee."

"Mimi ni baba mkwe wa huyu uliyemkuta chini. Ameanguka mbele yangu. Wewe ni wa wapi?"

"Lugari. Lakini wazazi walitoka Bungoma."

"Basi sihitaji kukueleza."

Nikamwona Bwana Wekesa anajipangusa paji la uso. Alijua. Hayo mambo hata kwao yapo. Lakini alikuwa meneja na watu wanamtazama, akajaribu. Akasema, "Mzee, hii ni ofisi. Mambo ya mila tunaachanga nyumbani."

"Mama mkwe wako akiingia hapa sasa hivi," Kuka akamuuliza, "utampa mkono?"

Mtu kwenye benchi alicheka akajifanya anakohoa. Bwana Wekesa akamtupia jicho yule wa benchi. Alifikiri kidogo, na nitampa haki yake, hakuwa mjinga. Akasema, "Hata hivyo, kwa mila yenyewe, wanaoleta kondoo ni watu wa kwao Felista. Si mimi."

"Watu wa kwao," Kuka akasema, "walinipa msichana anayejua kusimama. Amepanda kile kilima na mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni, matope mpaka hapa, hajawahi kuanguka. Sasa hivi viatu ni vya nani?"

"Ni vyake."

"Mama Muhonja, viatu hivi unavivaanga nyumbani?"

"Hapana, Baba," nikasema.

"Unavivaa kwa amri ya nani?"

Hapo, mwanangu, ndipo ninapotaka unisikilize. Kila mtu aliniangalia. Meneja amesimama juu yangu, kiberiti kinaonekana kabisa kwenye mfuko wa shati. Mimi niko chini. Nilifikiria mkataba wa baba yako, uliokuwa umeisha wiki ile. Nilikufikiria wewe, uliyekuwa na surua. Nilijua nikisema "ni kupenda kwangu tu, Baba," mambo yataisha, watu wa kwetu watatafuta kondoo, nami nitabaki na kiti changu. Na lingekuwa nusu ya ukweli. Nilivipenda, nimeshakuambia. Lakini sicho alichoniuliza. Aliniuliza amri ni ya nani.

Nikasema, "Ya meneja, Baba." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, na wote walisikia.

Bwana Wekesa aliangalia dari. Kisha akasema, "Mzee, nitaleta kondoo."

"Sasa inuka, mama," Kuka akaniambia. Akachukua mbegu zake akaondoka akitembea kandokando ya ukuta, na kile kiti alichokuja kukiona hakukiangalia.

Wiki ile yote nilingoja kufukuzwa. Kila nikisikia mlango wa meneja unafunguliwa, navuta mfuko wangu karibu. Hakuniambia kitu, hata salamu alikuwa ananipa kwa kichwa tu. Jumamosi mchana mvua ilinyesha na mawe yake, na ilipoisha tukasikia kondoo analia huko chini njiani. Kumbe ni yeye. Gari lilikuwa limekwama kule barabarani, akaamua kumalizia kwa miguu. Alifika hapa na kamba ya kondoo mkono mmoja, viatu vyake vya ngozi mkono wa pili, suruali imekunjwa magotini, matope yamempanda mpaka unafikiri amevaa soksi nyekundu.

Mimi ndiye niliyempelekea maji ya kuosha miguu. Nilimwekea karai pale barazani, kando ya ile nguzo uliyoshika jana. Aliosha taratibu, akaniangalia, akasema, "Felista, mnatembeanga hii njia kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akasema, "Na vile viatu?" Nikamwambia habari za mama wa uji. Akaosha na mguu wa pili.

Kondoo akapokelewa. Kuka akala na Bwana Wekesa sahani moja, wakazungumza habari za mahindi ya Lugari na bei ya mbolea, wakacheka sana. Viatu havikutajwa hata mara moja. Nilikuwa jikoni natega sikio mpaka shingo ikaniuma, wapi. Wakati wa kuondoka Kuka alimwazima gambuti zake. Jumatatu Bwana Wekesa alinirudishia zikiwa zimeoshwa, zimefungwa kwa gazeti. Akaniambia nimshukuru mzee. Akapita kwenda ofisini kwake. Jumatatu hiyo kiberiti hakikutoka mfukoni, wala Jumatatu iliyofuata, na sikukiona tena mpaka leo asubuhi nilipokisimamisha mwenyewe.

Polepole wanawake wakashuka. Beatrisi ndiye wa kwanza, akaja na viatu bapa vya mkanda, akajifungua salama akarudi navyo. Mwisho wa mwaka wote walikuwa wameshuka. Isipokuwa mtu mmoja.

Ndiyo, mimi. Kuka alikaa akaangalia ukuta kwa ajili yangu, meneja akatembea matopeni kwa ajili yangu, na mimi nikaendelea kupanda juu ya viatu vile kila asubuhi kwa hiari yangu. Beatrisi aliniuliza, "Sasa amri ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Na ilikuwa yangu kweli, sioni haya kusema. Nilikuwa mrefu, nilikuwa Madam, na ile ko ko ko ilikuwa yangu peke yangu ofisi nzima. Kama ningeviacha vilipoanza kuuma ningekuwa leo nakumbuka raha tupu. Lakini kila vilipouma nilijiambia nitazoea. Kidole gumba kikaanza kulalia wenzake, nikasema nitazoea. Mfupa ukatokeza pembeni, nikanunua saizi ya juu yake. Daktari akaniambia nivue, nikaenda kwa daktari mwingine.

Mwisho wake umeuona mwenyewe. Wewe ndiye ulikuwa unaniletea karai la maji ya chumvi kila jioni ukirudi shule, ukidhani mama wote huosha miguu hivyo. Kampuni ilipopunguza watu mwaka ule na wakatufanyia chai ya kutuaga, nilienda na malapa na soksi, kwa sababu hakuna kiatu kilichoingia. Nilipita juu ya sakafu ile ile na haikutoa sauti yoyote. Niliumia, Muhonja. Niliumia kuliko siku niliyoanguka.

Kwa hivyo usifikiri nachukia viatu virefu. Siku ukivitaka kwa furaha yako, vaa, na uvae virefu kuliko kiberiti. Utapendeza, jana niliona. Lakini mguu wa kushoto una mfupa uliounganishwa, na mguu huo hauzoei. Unanyamaza tu kwa muda. Ukiwanyamazia nao watu wa hoteli, utakuwa mimi tena, mwenye soksi na malapa, na wewe bado una miaka mingi ya kutembea kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Nenda ukaseme kesho kutwa, kabla hujaanza zamu ya kwanza. Usiseme kwa kuomba radhi. Sema mguu ulivunjika ukapona, kazi yote utafanya, kiatu kitakuwa bapa. Nimekuwekea vile vyeusi bapa, nimevipaka rangi mpaka vinang'aa kama sakafu ya Bwana Wekesa. Virefu pia nimeweka, kwa sababu vyako ni vyako. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, waache wakuone ukifanya kazi wiki moja, halafu urudi useme tena, kwa sauti ile ile. Wakikataa tena hapo utaamua mwenyewe, na uamuzi wowote utakaofanya, mlango wa hapa unafunguka kwa ndani na mimi ndiye nalala karibu nao.

Na sina wasiwasi. Mwingine ningemwogopea, si wewe. Siku ya kipaimara chako ulimwambia katekista viatu vyeupe vinakufinya, ukavivua ukaviacha chini ya benchi, ukaenda mbele ya askofu miguu mitupu watu wote wakiangalia. Mimi niliona aibu, nikakubana mkono tulipotoka nje. Ulilia kidogo, lakini viatu hukuvivaa, ulirudi navyo nyumbani mkononi. Mtoto yule ndiye anayekwenda Nakuru kesho. Sijui nani alimfundisha kusema "nitazoea," lakini kama ni mimi, basi nalichukua tena neno langu leo.

Baada ya misa nilipita kwa Kuka kumwambia kwamba unaondoka asubuhi. Macho yamemwishia, unajua, lakini masikio bado ni ya kijana. Nilikaa kiti cha mbali, nikamweleza habari ya kazi, ya hoteli, ya mguu, na ya inchi mbili. Alikuwa amefumba macho nikadhani amelala. Kisha akauliza swali moja tu: "Sakafu yao ni ya nini?"

Nikamwambia nasikia ni ya vigae, vinang'aa kama maji.

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi aletewe maji. Halafu akanipa ujumbe, na akanirudisha kutoka mlangoni nimkaririe ili ahakikishe sitaubadilisha. Si unajua anavyokuita, kwa sababu una jina la marehemu Kukhu, mke wake. Alisema hivi: "Mwambie bibi yangu aende akawaambie ukweli wa mguu wake. Wasiposikia, na akianguka huko, asiinuke. Akae chini hapo hapo, atume watu waniite. Nakuru nitafika, hata kwa kubebwa, na kuta za kuangalia najua huko zipo. Na umwambie nasikia kondoo wa huko ni wanono."

Nakusikia langoni, unacheka na mtu. Naifunga hapa niiweke kwenye kiatu.

Mama yako,
Felista